Ukoko wa jibini juu ya samaki: jibini ipi, samaki yupi, moto upi?

Mtu aliyelelewa Pwani hahitaji kuelezwa utamu wa ukoko. Wali wa nazi ukishapakuliwa, vita vya watoto huwa ni vya kule chini ya sufuria, na mama akiishiwa na subira humaliza ugomvi kwa kuula mwenyewe. Samaki wa oveni mwenye jibini juu ni mambo hayo hayo. Tunachokitafuta ni ukoko. Ukimtafuna na usisikie mlio wowote menoni, umekula samaki aliyefunikwa blanketi.

Nasema hivi kwa sababu jirani yangu hapa Malindi aliniita jikoni kwake majuzi anionyeshe treya. Minofu ya tewa, mizuri, ya leo leo, imelala kwenye maji meupe, na jibini juu yake inanyooka kama chingamu. "Shoga, nimekosea wapi? Na jibini yenyewe ndiyo ya ghali kuliko zote nilizozikuta dukani." Hakukosea bei. Alikosea maji.

Ukoko haukauki mpaka maji yaondoke. Mahali penye majimaji, hata oveni ikiwa na nyuzijoto 220, penyewe hapapandi sana juu ya nyuzijoto 100, kwa kuwa joto lote linaishia kuyachemsha maji. Rangi ya kahawia, na ile harufu inayomtoa mtu chumbani bila kuitwa, huanza kuja kwenye nyuzijoto 140 hivi. Kwa hivyo jibini, samaki na moto nitavipima kwa swali moja: maji yake yanaenda wapi?

Jibini

Malindi tuna bahati ambayo miji mingi ya Pwani haina. Waitaliano walianza kuja kwetu miaka ya 1960, wakati wa mradi wa San Marco uliokuwa ukirusha roketi kutoka kwenye majukwaa ya baharini kule Ngomeni. Waliokuja baadaye hawakuja kurusha kitu, walikuja kuota jua na kujenga nyumba, na jibini zao wakaja nazo. Leo ukiingia duka kubwa la mjini unazikuta zimepangwa pamoja na maziwa lala kama jamaa wa siku nyingi. (Vijana wa dukani wanaiita "chizi". Mimi sitaki kula mwendawazimu, nasema jibini.)

Kichekesho ni kwamba Waitaliano wenyewe, walio wengi, hawataki kusikia jibini na samaki kwenye sahani moja. Zamani nilipokuwa nikipika kwenye nyumba ya wageni, mzee mmoja wa Kiitaliano alinikuta nakuna Parmigiano juu ya tambi za kamba. Alishika kichwa kama aliyeletewa habari ya msiba. Sisi hatukula kiapo hicho, lakini nimekuja kuona kuwa hoja anayo: jibini kali humfunika samaki mwenye ladha nyepesi. Nitalirudia hilo nikifika kwa samaki.

Sasa zenyewe. Mozzarella ndiyo iliyomponza jirani yangu, ile ya donge jeupe linaloelea kwenye maji yake. Katika gramu 100 za donge hilo, karibu gramu 60 ni maji. Oveni inapoanza kazi, maji hayo yanashuka juu ya samaki, yanakutana na maji ya samaki mwenyewe, na kinachobaki kwenye treya ni mchuzi usioombwa. Iko mozzarella nyingine, ngumu kidogo, inayouzwa kwa kipande au ikiwa imekunwa tayari; hiyo maji yake hayafiki nusu, na ndiyo wanayoitumia wenye pizza. Hata hiyo kazi yake ni kuvutika. Ukitaka picha ya jibini inayonyooka kutoka kwenye uma mpaka mdomoni, chukua. Ukitaka ukoko, iache.

Parmigiano Reggiano iko upande wa pili kabisa. Hukaa si chini ya miezi 12 ikikomazwa, na nyingi hufika miezi 24 au zaidi, kwa hivyo maji yaliyobaki ni gramu 30 hivi katika 100. Ukiikuna na kuiweka motoni haitiririki. Inayeyuka kidogo, inatokwa na mapovu, kisha inakauka kau, na ukiigonga kwa kucha inalia kama biskuti. Hii inaweza kusimama peke yake juu ya samaki bila chenga za mkate hata punje moja. Bei yake ni ya kukunja uso, ila unatumia kidogo: gramu 40 zinatosha vipande vinne. Chumvi inayo ya kutosha, kwa hivyo samaki wako mguse tu kwa chumvi. Ile ya kopo iliyokwisha kusagwa kama unga mimi siinunui. Nusu ya harufu imeshakwenda kabla hujafungua.

Lipo jambo jingine kuhusu Parmigiano ambalo kwa nyumba za huku si dogo. Ile ya asili hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotolewa kwenye tumbo la ndama, hiyo ni sehemu ya kanuni zake. Kwa Muislamu, suala la ndama huyo alichinjwa vipi linakuja lenyewe, na wanazuoni hawana kauli moja. Wako wanaoila, wako wanaoiacha. Ukiwa na wageni usiowajua msimamo wao, usiwatie kwenye mtihani mezani. Tafuta jibini ngumu ambayo lebo yake inasema imegandishwa kwa kimeng'enya cha mimea au cha vijidudu. Zipo, na nyingi za Cheddar ni za namna hiyo, ila soma lebo mwenyewe.

Cheddar ndiyo ninayoinunua mara nyingi. Maji yake ni kama gramu 37 katika 100, na mafuta yake ni karibu theluthi nzima. Mafuta hayo ndiyo lawama yake na ndiyo sifa yake. Ukiiweka peke yake kwenye moto mkali inajitenga: mafuta yanakimbilia pembeni, katikati panabaki utando mgumu kama ngozi. Lakini ukiichanganya na chenga za mkate, mafuta yale yale yanazikaanga chenga hapo hapo juu ya samaki. Ukoko unaotoka ni mnene zaidi kuliko wa Parmigiano, na unavunjika vizuri. Chagua iliyokomaa, kali. Ile laini ya njano ya watoto ina maji zaidi na ladha yake ni ya kubahatisha. Inayotengenezwa hapa Kenya inafaa kabisa, huna haja ya kulipia safari ya meli.

Vile vipande vyembamba vilivyofungwa kimoja kimoja kwenye plastiki havimo kwenye mashindano haya. Vimetiwa chumvi maalumu ili viyeyuke bila kujitenga, na kitu kilichoumbwa kisikauke hakitakukaukia wewe. Ni vya mkate wa shule.

Kwangu mimi, basi: Cheddar kali na chenga kwa siku za kawaida, jibini ngumu ya namna ya Parmigiano peke yake siku ninapotaka ukoko mwembamba wa kuonyesha watu.

Chenga: boflo au machicha

Boflo la jana, au la juzi, limevunjwavunjwa kwa mkono na kukaushwa kidogo kwenye kaango bila mafuta. Usilisage likawa unga, unga unashika maji na kuwa uji. Hilo ndilo chaguo la salama.

Machicha ya nazi nilijaribu kwa ubahili, sitaki kudanganya. Niliona tui limetoka, machicha yanakwenda kwa kuku, nikayakatalia. Ukiyakamua sawasawa na kuyaanika jua la saa tatu nne, yakawa makavu ya kupeperuka, yakichanganywa nusu kwa nusu na boflo yanatoa ukoko ambao sijauona kwenye hoteli yoyote. Harufu inakuwa ya kwetu. Tahadhari ni moja: yanaungua upesi kuliko mkate. Ukigeuka kujibu simu umepata makaa.

Tui lenyewe usilitie. Niliwahi kuwaza kwamba samaki wa kupaka si hupakwa tui zito na akakauka vizuri, basi kwa nini nisilipake chini ya jibini? Nilipata uji wa moto. Samaki wa kupaka yuko juu ya makaa wazi, mvuke unaondoka pande zote, na anapakwa kidogo kidogo mara nyingi. Ndani ya oveni, chini ya jibini, lile tui halina pa kwenda. Cha kushikisha chenga kwenye samaki kiwe na mafuta zaidi kuliko maji: mayonezi iliyopakwa nyembamba, au siagi iliyochanganywa na kijiko kidogo cha haradali.

Samaki

Hapa swali si nani mtamu. Swali ni mnofu wa nani unene wake unaungoja ukoko uive.

Ukoko unataka dakika 12 mpaka 15 kwenye moto mkali. Kanuni ya zamani ya samaki wa oveni ni dakika 10 kwa kila sentimita 2.5 za unene. Fanya hesabu: mnofu wa changu, ambao mara nyingi ni wa sentimita moja na nusu, umeshaiva dakika ya sita. Zile dakika nyingine zote unamkausha. Changu ni mtamu, simtukani, ila ana miba na ni mwembamba. Mle mzima, wa kukaanga au wa mchuzi.

Tewa ndiye aliyeumbiwa kazi hii. Mnofu wake ni mnene, unaachana kwa mapande makubwa, na una unyevu wa ndani unaomvumilia mpishi mzembe. Kwa treya ya nyumbani chukua wa wastani, kilo mbili tatu, mwambie anayekusafishia akutolee minofu, kichwa na mifupa uende navyo nyumbani kwa supu. Ubaya wake ni bei, na katika kusi, bahari inapochafuka na vyombo vidogo vinashindwa kutoka, unaweza kuzunguka banda zima la samaki usimpate.

Nguru ni mshindani wake wa kweli. Anakatwa vipande vya mviringo na mfupa wake katikati, kila kimoja unene unautaka wewe. Mwambie muuzaji sentimita tatu, asikukatie vile vyembamba vya kukaanga. Maji yake ni machache kuliko ya tewa, hivyo ukoko unakauka mapema na chini hakuna bwawa. Ladha yake ina nguvu ya kukaa na Cheddar bila kumezwa. Adui yake ni dakika mbili za ziada: nguru aliyepitiliza ni mkavu kama mbao, na hakuna jibini itakayomwokoa. Jodari yuko kundi hilo hilo, ila mimi naona jibini juu ya jodari ni kelele mbili kwenye chumba kimoja.

Na kwa nguru na jodari, barafu si anasa. Samaki wa ukoo huu wakikaa kwenye joto hujenga ndani yao kitu kiitwacho histamini. Aliyekula huwaka uso, huumwa kichwa, huwashwa mwili, mara nyingi kabla ya saa moja kupita. Moto wa oveni hauiondoi, na kumgandisha hakuiondoi. Kwa hivyo kama samaki amelala na hujui amelala wapi, mwache. Ninapokuwa na shaka humtazama mama karanga ananunua nini; mwanamke anayekaanga samaki kila siku kwa kuuza hafanyi masihara na mtaji wake.

Kolekole anafaa, nusu ya njia kati ya tewa na nguru, na mara nyingi bei yake inapumulika. Tafi, tafadhali, mwacheni na makaa yake, chumvi na ndimu. Hapo ndipo namkumbuka yule mzee wa Kiitaliano nikamwona hakuwa na kosa.

Samaki wa kwenye frizi atakupa maji mengi kuliko wa leo, kwa sababu barafu hupasua nyama yake. Mwache ayeyuke usiku kucha ndani ya friji juu ya wavu, asubuhi mkaushe kwa kitambaa kabisa. Na hata yule wa leo, mtie chumvi robo saa kabla, atoe maji, umpanguse. Ile desturi yetu ya kumloweka kwenye ndimu na thomu hapa inakuharibia. Ndimu inamwivisha ngozi ya juu na kumtoa maji wakati usioutaka. Harufu ya ndimu utaipata kwa kukuna ganda lake, lile la kijani tu, ukalichanganya na chenga pamoja na thomu, dania na pilipili manga.

Moto: oveni, makaa ya kupalia, au kaango

Oveni, ya stima au ya gesi, inashinda kwa jambo moja: mvuke una nafasi ya kutawanyika. Iwashe mapema ifike nyuzijoto 220, weka samaki juu ya wavu, treya chini yake ya kupokea matone, na uisogeze iwe karibu na juu. Mwisho washa waya wa juu peke yake kwa dakika moja au mbili, na usiondoke hapo. Hofu ya gharama naisikia sana. Oveni ndogo ya wati 2000, kuipasha robo saa na kuoka robo saa, haizidi yuniti moja ya stima. Si bure, lakini si ile balaa watu wanayoidhania. Tatizo langu ni stima kukatika samaki akiwa ndani, hapo ukoko haurudi tena. Ukimaliza kwa moto wa pili unapata kitu kigumu kisichokuwa na mlio.

Makaa ndiyo njia ya mama zetu. Mkate wa sinia ulikuwa ukiivishwa hivi, moto chini na moto juu ya kifuniko, na hakuna aliyelalamika. Kwa samaki huyu geuza uzito: makaa machache chini, theluthi moja, theluthi mbili ziwe juu, kwa maana ukoko uko juu. Kinachokosesha watu ni kifuniko. Sufuria ikifungwa kabisa mvuke unapanda, unagonga kifuniko, unarudi kama mvua juu ya jibini. Mimi hutumia sufuria pana yenye kina kifupi, juu naweka sinia la bati lenye makaa, na ukingoni nachomeka misumari miwili mikubwa ili ibaki nafasi ya mvuke kutoka. Chini ya samaki tandika vijiti vya mnazi vilivyooshwa vikafanya kichanja, asikae kwenye maji yake. Ukoko wa makaa unatoka na madoa, pengine umeiva zaidi pengine kidogo, na una harufu ya moshi ambayo oveni haitakupa hata ukiisujudia. Kwa nguru naupendelea kuliko wa oveni. Kwa tewa, hapana. Anataka joto lililotulia.

Kaango ni njia ya wenye haraka. Kaango lisiloshika, moto wa wastani, tandaza jibini ngumu iliyokunwa kwa ukubwa wa kipande cha samaki, mlaze samaki juu yake aliyekwisha kuivishwa nusu upande wa pili, subiri ukingo uwe wa dhahabu, weka sahani juu ugeuze. Ukoko huu ndio mkavu kuliko yote mitatu, kwa sababu jibini inagusa chuma moja kwa moja. Lakini ni vipande viwili kwa mara moja, na familia ya watu wanane itakula kwa zamu kama wako foleni ya kliniki.

Ningekuwa wewe

Una oveni na umepata tewa wa leo: minofu minne ya gramu 150 hivi, Cheddar kali gramu 80, chenga za boflo kikombe kimoja, vijiko viwili vya siagi, na ile ganda la ndimu. Usihangaike kutafuta kingine. Una makaa tu na ni msimu wa kusi: nguru wa sentimita tatu, chenga nusu boflo nusu machicha, misumari miwili ukingoni. Uko peke yako na mwenzio na stima imekwenda: kaango la gesi, jibini ngumu, basi. Una tafi: soma tena hapo juu.

Aliyeiva utamjua kwa uma, mnofu unaachana bila kulazimishwa na katikati hauna tena ule ung'avu wa ubichi; mwenye kipimajoto aangalie nyuzijoto 63. Kachumbari iwe kwenye bakuli lake, ndimu iwe pembeni, kila mtu ajikamulie anapoanza kula. Na wageni wakiwa bado hawajarudi msikitini, usimfunike kwa foili wala kwa sahani, dakika tano tu jasho lake litaulowesha ukoko wote. Mfunike kwa kawa. Ule ukili unapitisha mvuke, na nzi hapiti.